Uvundo Ulipokatika

Wanawake wa Chokocho wanaofukia makumbi ya nazi kwenye tope la pwani hawahesabu miezi, hunusa. Uvundo ukipungua, makumbi yameiva, yafukuliwe yapondwe yatoe usumba, nyuzi za kusokotea kamba. Mwaka huu bahari ililivunja shimo la Mwanamize, basi akayatia makumbi yake katika tangi la saruji lililochimbwa nyuma ya nyumba, akalijaza maji ya chumvi nusu na kulifunika.

Asubuhi hiyo alilifunua, akainama, akavuta pumzi. Uvundo ulimpiga usoni, kisha ukakatika ghafla.

"Yameiva," alimwambia mwanawe, Zubeir. "Teremka."

Zubeir aliketi ukingoni, miguu ndani. "Hodi wenyewe!" alitania.

Chini, povu likapasuka: blup. Kisha jingine.

"Haya, umekaribishwa," Mwanamize alicheka.

Consolatha, mwalimu wa baiolojia kutoka bara aliyepanga chumba cha uani, alikuwa akirudi kutoka dukani. Alitokea kwenye kona ameziba pua kwa mtandio.

"Bi Mwanamize! Mnauvumiliaje uvundo huu?"

"Uvundo gani, mwalimu? Umekwisha."

Consolatha alisimama palepale. "Zubeir, toa miguu. Ondokeni hapo nyote wawili."

"Yakhe, watu wa bara kwa woga!" Zubeir alisema.

"Basi mtangulize kuku," mwalimu alimjibu.

Zubeir alicheka, lakini akatoka. Akamtia kuku kwenye pakacha, akaliteremsha kwa kamba. Kuku alishuka akilalama. Katikati alinyamaza. Hakupiga bawa. Alijikunja kama anayeatamia, akainamisha kichwa taratibu, na hakukiinua tena. Chini yake povu liliendelea kupanda.

Zubeir aliiachia kamba.

"Mna viumbe humo visivyoonekana," Consolatha alisema. "Vinavyopumua kama sisi viliimaliza hewa ya majini. Vikabaki visivyoihitaji. Hivyo ndivyo vinavyokula makumbi yako, na gesi vinayotoa ndiyo uvundo wenyewe. Pwani upepo huichukua. Humu imejikusanya. Ikizidi, huua pua kwanza; hunusi tena, ukadhani imekwisha."

Mwanamize alimshika mwanawe mkono, akamvuta mbio mpaka barabarani kwenye upepo. Huko akamkumbatia, akazika uso shingoni mwake, mahali alipozoea kumnusa tangu uchanga.

Hakusikia harufu yoyote.