Kochi Lenye Jino Moja

"Hilo si kochi tena, ni mdomo wenye jino moja," Shangazi alisema, mikono kiunoni. "Umelianza, limalize."

"Maji yamekatika, Shangazi. Niyatoe wapi, machoni?"

"Na wenzangu wa kikundi wako njiani. Watakaa wapi?"

Binti wa kaka yake alikuwa amejitolea kuliosha kochi bure, apate picha za kutangazia biashara yake mpya ya kuosha makochi, na kwa pupa akaanza kabla ya kujaza ndoo. Sasa kiti cha katikati kiling'aa rangi ya maziwa. Viwili vya pembeni vilibaki kahawia, rangi ambayo ukoo mzima uliamini ndiyo ya dukani.

Mwezi mzima alikuwa amegawa kadi sokoni na maofisini. Aliyempigia simu ni bosi wake wa zamani tu: meza ya mapokezi bado ilikuwa wazi, na jibu alilitaka leo. Shangazi ndiye aliyekwenda kumwombea nafasi hiyo, wala hakuficha.

"Unakataa nini? Pale kuna kiyoyozi."

Hodi ikapigwa kabla ugomvi haujapoa. Kina mama wakaingia, wakaamkiana, wakafika kwenye kochi na kusimama kama waliokuta nyoka.

"Siku hizi unanunua kiti kimoja kimoja?" aliuliza fundi cherehani.

"Hajanunua kitu," binti alisema. "Nimekiosha mimi."

Mwalimu mstaafu aliinama, akakipapasa. "Kumbe rangi yake ndiyo hii? Jamani, tumekuwa tukikalia nini miaka yote?"

Wakaangua kicheko, isipokuwa fundi cherehani. "Langu tulilinunua pamoja na hili, duka moja," alisema taratibu. "Na langu linarukiwa na watoto. Unakuja lini?"

"Aanzie kwangu," jirani mmoja alidakia. "Jumapili nina wakwe."

"Wakwe zako wameshauzoea uchafu wako," fundi cherehani alimjibu.

"Foleni inaanzia hapa," Shangazi alikata. "Bado viti viwili."

"Wewe unaoshewa bure, shosti. Wa bure hukaa nyuma," jirani alimrudishia.

Binti aliwatazama wakigombania zamu. Kadi zake hazikuwahi kumwambia mtu kwamba kochi lake ni chafu. Kile kiti kilikuwa kimewaambia wote, tena bila adabu.

"Kwako maji yapo?" alimuuliza fundi cherehani.

"Tangi limejaa."

"Basi leo nakuoshea kiti kimoja bure. Ukitaka na vilivyobaki, tutapatana bei."

"Kimoja? Ili na mimi nichekwe?"

"Ndiyo maana yake."

Fundi cherehani akacheka mpaka akashika ukuta. Binti akatoa simu, akamwandikia bosi: *Asante sana, lakini sirudi.* Akaituma, akachomoa mashine yake ya kuoshea kwenye umeme.

"Shangazi, shika mpira wa maji."

"Na wageni wangu?"

Mwalimu mstaafu alikuwa ameshabeba ndoo, yuko mlangoni anatafuta viatu vyake. Shangazi akaguna, akauzungusha mpira begani, wakatoka wote.