Furushi la Siku Mbili

"Hilo nalo litoe," alisema dobi, na kwa mara ya nne asubuhi ile mkewe akajifanya hasikii.

Sanduku lilikuwa wazi juu ya meza ya kupigia pasi, limeshiba mpaka kifuniko kikagoma. Safari yenyewe ilikuwa ya siku mbili. Wangeondoka Ijumaa hiyo saa sita mchana, Jumamosi wahudhurie mahafali ya binti yao aliyekuwa akihitimu uuguzi, Jumapili warudi. Kwa safari hiyo mkewe alikuwa ametia magauni manne, viatu jozi tatu, shuka mbili kwa sababu hakuamini shuka za watu, chupa ya chai, dawa ya tumbo, dawa ya kichwa, mwavuli, taulo, na taulo jingine la kulinda lile la kwanza. Chini kabisa, ndani ya sweta, alikuwa amefunga pasi ya umeme.

Dobi aliipapasa ile sweta, akaifungua, akaitoa pasi.

"Mama watoto, chuma hiki cha nini?"

"Cha kumpa mtoto. Anaanza maisha."

"Kwani madukani huko hakuna pasi?"

"Zipo. Hii ni ya kwao."

Aliiweka pasi kwenye stuli. Alipogeuka kumwagia maji makaa yaliyobaki, maana duka lingefungwa mpaka Jumatatu, mkewe aliirudisha ndani ya sweta na sweta ndani ya sanduku. Hakuwa na haja ya kujificha. Miaka ishirini na saba ya ndoa ilikuwa imemfundisha kwamba mumewe huona vizuri mkunjo wa sentimita moja kwenye kola, lakini haoni ng'ombe akipita sebuleni.

Mtaani walimwita Mstari, kwa ajili ya mistari ya suruali alizopiga pasi. Walisema ukivaa suruali iliyotoka kwa Mstari, usimsogelee mtoto, utamkata. Naye alilipenda jina hilo kuliko alivyokiri. Mkewe alikaa naye chumba kimoja cha kazi, yeye kwenye kiti cha dirishani, akishona vifungo vilivyong'oka na kuziba pindo zilizofumuka. Nguo ilipotoka pale ilikuwa imepita mikono minne.

Mzigo wake mwenyewe dobi alikuwa ameshaufunga tangu alfajiri, na alitamani sana mtu amuulize jinsi alivyoufunga. Mashati mawili ameyaviringisha pamoja, moja ndani ya jingine, yasipate mikunjo. Suruali ameikunja kwa mstari wake. Soksi moja imebeba mswaki, ya pili imebeba wembe na kipande cha sabuni. Vyote hivyo amevifunga kwa karatasi ya kaki na kamba ya katani, vikatoka furushi lisilozidi mkate mkubwa. Alilipima mkononi mbele ya mkewe, akalirusha kidogo juu, akalidaka.

"Siku mbili hizo," alisema.

"Na ukinyeshewa?"

"Nitakauka."

Mkewe alicheka, akaongeza kofia kwenye sanduku.

Lakini ndani ya furushi lile, juu ya mashati na chini ya karatasi, kulikuwa na kitu ambacho dobi hakukifanyia mzaha. Ilikuwa sare nyeupe ya binti yao, mpya. Binti aliituma kwa basi wiki iliyopita, pamoja na kijikaratasi chenye maneno machache: Baba, nipigie pasi wewe. Dobi alikisoma kile kijikaratasi akiwa amesimama, akakaa, akakisoma tena. Kisha akatoka nje akajifanya anaangalia nguo kwenye kamba, na kamba siku hiyo haikuwa na nguo.

Ilikuwa miaka kumi na moja tangu binti huyo ampe babake nguo. Alipokuwa na umri wa miaka kumi, siku ya kufunga shule, alikuwa aende jukwaani kupokea zawadi ya hesabu. Dobi ndiyo kwanza alikuwa amenunua pasi ya umeme, hiyohiyo ya sanduku, ili naye aonekane mtu wa kisasa. Akaipitisha kwenye gauni la shule, mteja akaita mlangoni, akageuza shingo kidogo tu. Alipoinua pasi, mgongoni kwenye gauni palibaki alama ya rangi ya chai, umbo la pasi kamili, mpaka ncha yake. Hapakuwa na gauni jingine. Mtoto alilivaa. Alipanda jukwaani, akapokea daftari zake sita, akashuka akirudi kinyumenyume mpaka kwenye kiti ili watu wasimwone mgongo. Ukumbi mzima ulicheka, wakidhani ni utundu. Baba na mama yake ndio waliojua.

Hakulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililomkaa dobi rohoni. Tangu jioni ile alifua nguo zake mwenyewe, akazipiga pasi mwenyewe, hata alipougua. Mtoto wa dobi, nguo zake hazipiti kwa dobi. Wateja hawakujua. Dobi alirudi kwenye pasi ya makaa, ile ya umeme akaitupa juu ya kabati, asiitazame tena.

Kwa hiyo sare hii aliipiga pasi siku mbili. Siku ya kwanza aliifua upya ingawa ilikuwa safi, akaipitisha kwenye wanga mwepesi. Siku ya pili alifunga mlango, akaweka pasi kwenye kitambaa cha majaribio mara kumi kabla ya kuigusa nguo. Na alipoikunja, aliikunja kwa namna aliyoibuni usiku ule kitandani: mikono nyuma, pande mbili zikutane mbele, gazeti laini limeviringishwa katikati, ili mgongo wote usipate hata mkunjo mmoja.

Sasa, dobi huyu alikuwa na jambo lake moja la kujisifu. Hakuandika namba kwenye mafurushi ya wateja. Alilijua kila furushi kwa mahali pake kwenye rafu: la mwalimu juu kushoto, la dereva katikati, la kinyozi chini kulia, karibu na mlango. Watu walikuja, yeye akanyoosha mkono hata bila kutazama, akawapa chao. Miaka yote hakuwahi kukosea. Na asubuhi ile, alipokwisha kulidaka furushi lake la safari mbele ya mkewe, mikono yake ilifanya ilichozoea kufanya na kila kilichofungwa kwa kaki. Ililisukuma la kinyozi kando kidogo, ikaliweka lake pale, kwenye rafu.

Kinyozi alipita saa nne na nusu, ana haraka, wateja wanamsubiri. Dobi alikuwa katikati ya mabishano ya viatu. Alikuwa akimwuliza mkewe kama ana miguu sita. Akanyoosha mkono nyuma, akampa furushi la chini kulia, akapokea shukrani, akaendelea kuhesabu miguu.

Saa tano alichukua furushi lililobaki, na mikono ikajua kabla ya kichwa. Lilikuwa zito kidogo upande mmoja. Alikata kamba. Ndani mlikuwa na vitambaa vyeupe vya kuwafunikia watu wanaponyolewa, vinane, vimekunjwa vizuri sana.

Mkewe aliona uso wake akaacha kufunga sanduku.

"Nini?"

"Sare," alisema dobi, akavikumbatia vile vitambaa, na miguu ikawa imeshatoka.

Duka la kinyozi lilikuwa ng'ambo ya soko. Mstari, aliyejulikana kwa kutembea polepole ili asiharibu suruali yake mwenyewe, alikimbia. Alikanyaga maji ya samaki, akaomba radhi kwa watu wasiomsikia, akafika akihema. Kinyozi alikuwa amesimama katikati ya duka kama mtu aliyevunja sahani ya watu. Kwenye kiti mteja alikuwa amenyolewa nusu kichwa. Mezani karatasi ya kaki ilikuwa imefunguliwa, mashati yapo, na sare ilikuwa imesokotwa juu yake.

"Niliikung'uta mara moja tu," alisema kinyozi. "Nilikuwa namfunika huyu. Nilipoona ina mikono nikajua si yangu."

Dobi hakumgombeza. Angemgombeza kwa lipi, naye ndiye aliyempa kwa mkono wake? Aliibeba sare mpaka mlangoni penye mwanga. Gazeti lilikuwa limedondoka. Wanga ulikuwa umevunjika mgongoni kwa mikunjo isiyo na idadi, na nywele fupifupi zilikuwa zimeng'ang'ania bega. Alizitoa moja moja kwa kucha. Kinyozi alizima mashine yake, akaja kumsaidia, na yule mteja wa nusu kichwa naye akasogea akatoa mbili.

Aliporudi dukani ilikuwa saa tano na nusu. Makaa yalikuwa yamelowa. Mkewe alikuwa ameshatoa sanduku nje na kushika kufuli. Dobi alimweleza huku wakienda, maneno yakitoka vipande vipande. Mkewe alilichukua lile furushi lililofungwa ovyo, akamwachia mumewe sanduku, ili mikono yake ipate kazi nyingine ya kufikiria. Sanduku lilikuwa zito kupita kiasi. Safari hii dobi hakuuliza kwa nini.

Ndani ya basi dobi alilichukua tena furushi, akakaa nalo mapajani mwendo wote. Alimwambia mkewe kwamba atakapofika ataazima pasi bwenini. Mkewe akamkumbusha alivyosema binti kwenye simu, kwamba pasi ya bweni ni moja na wasichana ni arobaini, na foleni imeanza tangu Jumatano. Dobi akaikaza kamba ya furushi. Baadaye akasema, kwa sauti ya chini, kwamba afadhali mtoto angemtumia mtu mwingine yeyote. Mkewe aliweka mkono juu ya mkono wake, na hapo ukakaa hata yeye aliposinzia.

Binti aliwapokea langoni saa kumi na moja jioni, mrefu kuliko walivyomkumbuka, akawakumbatia, akalinyanyua sanduku akaguna.

"Mama, mmehamia?"

Chumba chake kilikuwa na vitanda viwili na meza moja. Mwenzake alikuwa amekwenda kuwapokea wazazi wake. Mama alikaa kitandani. Baba alibaki amesimama, furushi kifuani, akakataa maji, akakataa kiti.

"Mwanangu, nimeiharibu," alisema. "Niliipiga pasi vizuri sana. Halafu nikampa kinyozi."

Akasimulia yote, hata nywele. Binti alifungua karatasi akaiinua sare mbele ya dirisha. Ilining'inia kama kitu kilichookotwa. Aliitazama kwa muda mrefu, na dobi akatazama sakafu, akaona viatu vyake vina magamba ya samaki.

Nyuma yake sanduku lilikuwa linafunguka. Likatoka taulo, likatoka taulo la kulinda taulo, ukatoka mwavuli, zikatoka shuka. Mkewe alikunja shuka moja mara nne, akaitandika mezani. Akafungua sweta.

Dobi aliitambua pasi ile kwa mpini wake wenye ufa. Asubuhi aliishika, akaiona chuma tu, mzigo tu wa kuondolewa. Sasa ndipo aliiona.

"Si ileile?"

"Ndiyo yenyewe. Niliipeleka kwa fundi. Mwaka wa saba huu napigia magauni yangu, na wewe hunayo habari."

"Hiyo sishiki."

Mkewe alichomeka waya ukutani. Binti alikuja akaitandaza sare juu ya shuka, mgongo juu, akainyoosha kwa viganja, akarudi nyuma hatua moja.

"Piga, baba."

"Na nikiichoma?"

"Nitatembea kinyumenyume," alisema binti. "Nina uzoefu."

Kwa miaka kumi na moja hakuna aliyelitaja jambo hilo ndani ya familia ile. Dobi alimtazama. Binti alikuwa akitabasamu, na macho yake yamejaa maji, na mama yake kitandani alikuwa ameziba mdomo kwa kofia, haijulikani analia au anacheka. Dobi akajikaza kisabuni. Alilowesha kidole, akakigusisha pasi, akasikiliza inavyochachatika. Aliijaribu kwenye leso yake mara tatu, akaigeuza leso kwenye mwanga. Mkewe akanyunyiza maji kwa ncha za vidole. Kisha dobi akaanza, kwenye kola kwanza, kama inavyotakiwa, akaiacha sehemu ya mgongo mpaka mwisho. Mlango uligongwa wakati huo, msichana mmoja akiita. Hakugeuza shingo.

Kesho yake saa tatu asubuhi ukumbi ulikuwa umejaa. Dobi na mkewe walikaa safu ya nane, mkewe na kofia, kwa sababu jua lilipenya dirishani, naye hakuacha kumkumbusha mumewe nani aliyeitia kofia hiyo sandukuni. Wahitimu waliitwa mmoja mmoja. Walipanda ngazi, wakapokea cheti, wakashuka haraka upande wa pili kwa aibu na furaha.

Binti yao alipanda. Alipokea cheti, akainamisha kichwa kidogo. Kisha, badala ya kushuka, alisimama pale pale katikati ya jukwaa, akageuka taratibu, akawapa ukumbi wote mgongo wake, mweupe kuanzia begani mpaka kiunoni, akakaa hivyo kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Mkuu wa chuo alimnong'oneza jambo. Binti hakuwa na haraka.