Masikio Ndani ya Kisanduku

Kitu cha kwanza Pulchérie alichokisikia ni kitenge chake mwenyewe. Alijisogeza kitini, kitambaa kikachakarika, akashtuka na kutazama chini kuona ni nini. Shaila, fundi wa vifaa vya kusikia kwenye kliniki moja ya Don Mills, huko ughaibuni, mzaliwa wa Tanga, akacheka.

"Umesikia, mama?"

"Nimesikia. Kumbe una sauti nzuri hivi."

Mashine za kufulia mashuka ya hoteli, kule Malton, ndizo zilizomharibu masikio. Alizihudumia mpaka nywele zikageuka mvi, kampuni ikamuaga kwa keki na bima ya afya ya wastaafu. Bima ikamletea kadi yenye fedha ndani, za dawa za dukani, miwani na vifaa vya kusikia. Fedha zenyewe hushiki mkononi. Kadi hupitishwa kwenye mashine, basi. Mwaka mzima Pulchérie aliibania ile kadi ili itoshe masikio yote mawili. Aliiachia mara moja tu.

Sasa Shaila akaipitisha, ikakataa. Akaifuta kwenye koti lake, akaipitisha tena. Ikakataa.

Akapiga simu kwenye bima na kuweka spika. Mwanamume aliyepokea alikuwa na adabu tele. Alisema kwa Kiingereza, Shaila akatafsiri.

"Anasema kadi imezuiwa. Ilinunua dawa ya homa ya mtoto mchanga. Anauliza kama una mtoto mchanga."

Pulchérie akacheka, halafu akaona anacheka peke yake.

Mtoto ni wa Iteka, jirani yake wa mlango unaofuata huko Flemingdon Park. Siku ile alikuwa anachemka mwili mzima, na mama yake hana hata senti. Pulchérie akampa kadi na namba ya siri, kama anavyompa sufuria, kama Iteka anavyompa chumvi. Kwenye korido ile hakuna aliyewahi kuuliza chumvi imeandikwa jina la nani.

"Umwambie mimi ndiye nilimupa karte. Mtoto alikuwa na homa."

Shaila hakumwambia. Alifunika simu kwa kiganja.

"Mama, kadi ni ya mwanachama peke yake. Ukisema ulimpa mtu, wanaifunga na fedha zote zinarudi kwao. Ukisema iliibiwa, wanakutolea nyingine leo hii. Unaondoka na masikio yako."

"Na huyo mwizi, watamufanya nini?"

Shaila akauliza kwenye simu. Jibu lilikuja upesi. Wangetafuta jina la aliyenunua dawa ile na kulipeleka polisi.

Iteka alikuwa bado anasubiri kesi yake ya ukimbizi. Gauni la kwenda nalo mbele ya maofisa lilikwisha kupigwa pasi, linaning'inia nyuma ya mlango, na kila aliyeingia mle ndani alionyeshwa.

"Iliibiwa? Ndiyo au hapana?" mwanamume akauliza.

Safari hii Pulchérie hakuhitaji tafsiri. Alimsikia vizuri, hata pumzi yake, hata vidole vyake vikigonga kompyuta vikimngoja. Alitamani kusema ndiyo. Jumapili angesikia kwaya. Angesikia wajukuu wanasema nini wanapomcheka.

"Hapana," akasema, kwa Kiingereza chake kidogo. "Hakuna mwizi. Nilimpa mimi."

Mwanamume akamshukuru kwa ukweli wake, akamtakia afya njema, akakata simu.

Shaila alimvua kifaa cha sikio la kulia. Kisha, polepole zaidi, cha kushoto. Akavilaza ndani ya kisanduku chao na kukifunga. Kifuniko kilishuka bila mlio.

Bado alikuwa anasema jambo. Macho yake yalikuwa yamelowa, midomo ikaenda, ikasimama, ikangoja jibu. Pulchérie akatabasamu, akatikisa kichwa kukubali, kama alivyozoea kumkubalia kila mtu, bila kujua amekubali nini.