Hewa ya Anastasia

Saa mbili asubuhi, siku ya Jumatatu, fundi Selestini alifungua boneti ya gari la Cecil, mnunuzi wa korosho, akachomeka pini ya mita ya umeme nyuma ya soketi ya sensa ya hewa. Sensa ile ina nyaya tatu. Wa kwanza huleta volti tano kutoka kwenye kompyuta ya gari. Zilikuwepo tano kamili. Wa pili ni ethi, unaorudisha umeme kwenye bodi, ulikuwa mzima. Wa tatu hupeleka habari za hewa inayoingia kwenye injini, na huo ndio uliokuwa na ugonjwa. Mshale wa mita ulisimama kwenye volti moja na nusu, inavyotakiwa, kisha ukaporomoka hadi karibu na sifuri, ukakaa huko, ukapanda polepole. Injini ikakohoa, ikazima.

Mafundi watatu wa Masasi mjini walikuwa wameshabadilisha sensa. Selestini hakubadilisha kitu. Aliwasha tena, akatazama saa ya mkononi. Mshale ulianguka kila baada ya dakika nne. Akainama juu ya chujio la hewa.

"Anastasia?"

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Uchungu vipi?"

"Unakaribiana."

Anastasia, mdogo wake wa tumbo moja, alikuwa amefariki mwaka uliopita, 1998. Wiki mbili kabla ya uchungu kumshika, gari la wagonjwa la zahanati ya kijijini kwao, upande wa Mkunya, lilinadiwa. Miaka ile kila kilichokuwa cha wote kiliuzwa, na waliouza walipigiwa makofi. Walimpakia kwenye baiskeli wampeleke hospitali ya Ndanda. Aliulizia gari mpaka pumzi ikamkatika mteremkoni, mtoto akiwa bado tumboni. Aliyeshika usukani wa baiskeli ni Selestini.

Selestini alikwangua kwa ukucha rangi ya buluu ya mlango wa gari la Cecil. Chini yake ikatokea nyeupe, kisha ncha ya msalaba mwekundu.

Cecil alikuja akitafuna korosho za kuchoma.

"Umeupata ugonjwa, fundi?"

"Kuna mtu anavuta hewa ya injini, tajiri. Ni mdogo wangu, alikufa mwaka jana. Ana uchungu wa kuzaa."

"Mwambie avute ya nje. Ya nje bado haijabinafsishwa."

"Anakwenda hospitali, Ndanda. Wewe unapeleka mzigo Mtwara, unapita pale pale getini. Mshushe, gari litapona."

"Nyuma magunia yamejaa mpaka juu. Atakaa wapi?"

"Ameshakaa."

Cecil akacheka, akakubali, ila akataka fundi aende naye, maana likizima njiani yeye hajui pa kuligusa.

Selestini alikaa kiti cha mbele, mita magotini, nyaya zake zimepitishwa dirishani. Walipopita Chigugu mshale ulikuwa ukianguka kila dakika mbili. Mapaa ya Ndanda yalipoonekana, haukuwa ukipumzika hata dakika moja.

"Simama hapa, tajiri."

"Nikipunguza mwendo litazima. Husikii linavyokohoa? Nani atalisukuma na mzigo huu?"

"Nitalisukuma mimi."

"Wewe na nani? Na mgonjwa wako?" Cecil akatazama saa. "Ghala linafungwa saa kumi. Nitamshusha nikirudi."

"Ukirudi atakuwa ameshakufa."

"Si umesema alishakufa?"

Selestini akapeleka mkono kwenye swichi ya gari alizime. Cecil akaudaka, akaubana, akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Wakapita. Mlinzi wa hospitali, aliyekuwa ameshafungua geti nusu, akalifunga.

Hatua mia mbili mbele mshale ulianguka mara moja zaidi, ukapanda, ukatulia mahali pake. Injini ikanguruma kwa hewa yake yote. Selestini aliita jina la mdogo wake mara tatu. Hakuitikiwa.

"Unaona sasa linavyovuta!" Cecil akasema, akiuachia mkono wake. "Fundi, wewe ni kiboko. Hata sensa hujabadilisha."

Akamsifu huko Mtwara kwa wenzake, tena kwa moyo mweupe. Jumatatu iliyofuata wanunuzi wengine wawili walimletea Selestini magari yao waliyoyapata kwenye mnada uleule. Yote mawili yalipakwa buluu. Yote mawili yalikuwa yakikohoa.