Mvua ya Mgomba Mmoja

Demetria alizika kondo la mwanawe chini ya chipukizi la mgomba, kama wafanyavyo kwao Bukoba, akaamini mgomba ukistawi na mtoto atastawi. Wawili wa mwanzo walizaliwa hapa hapa Kunduchi, wakafa kabla hawajaota jino. Huyu wa tatu, Audax, ndiye aliyebaki. Mimi jirani yake, niliyemkanda kila alipojifungua, najua alivyomng'ang'ania.

Ilikuwa miaka michache kabla ya vita ya Hitla, na alipanda mwezi wa Juni, pwani kukavu. Mumewe, Mwalimu Kamugisha, alimwonya. Yule bwana ukimuuliza habari za asubuhi atakujibu kwa somo zima.

"Kwetu ziwa liko mashariki," alisema. "Usiku wingu linajikusanya juu ya maji ya vuguvugu, alfajiri linatumwagia. Hapa nako bahari iko mashariki, lakini kusi linapita kandokando ya pwani, halitupi kitu mpaka vuli. Mgomba wako utakauka, Mama Audax."

Kweli, majani yakaanza kuungua kwa upepo wa chumvi, na mtoto akashikwa na homa. Alfajiri moja nilimwona Demetria amesimama uani, uso kauelekeza baharini, anaita jina kwa Kihaya. Kesho yake mvua ikanyesha.

Ikanyesha wapi? Juu ya mgomba ule tu. Kwangu mimi vumbi lilikuwa vile vile. Nilipenyeza mkono kwenye ua wa makuti unaotutenganisha: vidole vikalowa, kiwiko kikabaki kikavu. Niliogopa, tena sana, nikarudi ndani nikafunga mlango.

Ikawa ndiyo kawaida, kila alfajiri. Mgomba ukanenepa, homa ya Audax ikaisha, Demetria akaanza kuimba. Mwalimu naye akawa anauzunguka mgomba kila asubuhi. Mwishowe alikinga maji yale kwa kiganja, akaonja, akatema.

"Yana chumvi," alisema. "Mvua haina chumvi. Maji ya bahari yakipanda kwa mvuke, chumvi inabaki chini."

Nikamvuta Demetria kando. "Shoga, siku ile ulimwita nani?"

"Mugasha, mwenye ziwa. Wazee wetu walimwomba mvua. Usimwambie padri."

"Na uliita umeelekea wapi?"

"Mashariki, ziwani, kama kule nyumbani..." Akasita. Akageuka kutazama magharibi, ambako ziwa lao lilikuwa nyuma ya nchi nzima, kisha akakaa chini mchangani.

"Bahari ina wenyewe, shoga," nilimwambia. "Sie tuliozaliwa hapa hatuwapigii hodi ovyo."

Mwalimu aliposikia alitukaripia sote wawili, lakini wiki ile ile akaomba likizo. Mtoto akalelewe kwa bibi yake Bukoba, alisema, mbali na chumvi hii. Demetria akafunga mizigo haraka kuliko alivyoombwa.

Nilipanda nao gari moshi, mimi nikienda kushukia Pugu kwa dada yangu. Audax alicheka njia nzima, upepo wa bahari ukiingia dirishani. Reli ikaanza kupanda vilima, upepo ukalegea.

"Hapa ndipo upepo wa bahari unapokomea," Mwalimu akasema kwa mazoea. "Ng'ambo ya vilima hivi ni hali nyingine kabisa."

Demetria akapiga yowe. Midomo ya Audax ilikuwa imegeuka rangi na kifua kimetulia. Gari lilikuwa linaingia stesheni. Demetria aliruka na mtoto kabla halijasimama, akakimbia kando ya reli kurudi tulikotoka. Tukamfuata tukihema. Tulimkuta chini ya mteremko amekaa kwenye kokoto, upepo unapeperusha kanga yake, mtoto ananyonya.

"Mlete tujaribu tena," Mwalimu alisema. "Huenda ni moshi wa gari."

Akamchukua mwenyewe, akapanda naye taratibu kuelekea stesheni. Tulimwona anasimama, anamtazama mtoto usoni, kisha anarudi mbio kuliko alivyorudi mkewe.

Demetria alimpokea mwanawe, akamfuta midomo kwa ncha ya kanga.

"Nenda wewe," alimwambia mumewe. "Mwambie mama mjukuu wake mzima. Mwambie hatamwona."