Viatu vya Pangoni

Kila Ijumaa, akishamaliza kusoma Suratul Kahf, mkwe wangu Bi Muhsina alifunga msahafu, akaubusu, akaurudisha juu ya kabati, kisha akaniita: "Nasriya, njoo tupange safari." Nami nilikwenda, maana kukataa kulikuwa na kazi kubwa kuliko kukubali.

Safari yenyewe ilikuwa ya Nyuzilandi, kwenda kuona pango. Huko, kusini kabisa ya dunia, mna pango lenye mto ndani yake, na dari nzima imejaa wadudu wanaowaka. Msafiri hupandishwa mashua, taa zote zikazimwa, na kiongozi akaivuta mashua taratibu kwa kamba iliyofungwa juu. Hapana ruhusa kusema, kwani wadudu wale wakisikia kelele huzima. Haya aliyasoma mume wangu, Marhoon, mtoto wa pekee wa Bi Muhsina, katika gazeti la picha alilolisahau abiria mmoja ofisini kwao, kwenye uwakala wa meli kule Unguja. Akaikata ile picha, akaibandika juu ya kitanda chetu. "Tukipata likizo ndefu," alisema. Tulicheka sana, maana likizo yake ndefu kuliko zote ilitufikisha Pemba.

Mwaka 1964, mapinduzi yalipoingia, watu wenye bunduki walikuja wakamchukua, na hatukumwona tena. Miezi michache baadaye mimi na mama yake tulishuka bandarini Matrah, nchi ya Kiarabu ya mababu zetu ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona. Askari wa forodhani akauliza kwa Kiarabu, mwanamume wenu yuko wapi? Kiarabu cha Bi Muhsina kilikuwa cha sala na dua tu. Lakini neno moja alilijua, kwa kuwa lugha zote mbili zinaligawana.

"Musafir," akasema.

Askari akatupisha. Tangu siku hiyo likawa ndilo jibu, kwa majirani wa Darsait, mtaa tuliokaa, kwa wenye maduka, kwa kila aliyeuliza. Mwanzo nilidhani analisema kwa woga. Halafu nikamsikia akilisema peke yake jikoni. Mwaka wa pili alikwishapata na mahali alikosafiri: Marhoon ametangulia Nyuzilandi, anatungojea sisi.

Neno lile lilinifunga mimi. Mke wa msafiri hukaa akasubiri. Haposwi, hakai matanga, hakai eda. Sikuwa mke wa mtu na sikuwa mjane wa mtu. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nimekaa kama sanduku lililoachwa kwa jirani, hakuna wa kulifungua wala wa kulichukua. Wanawake wa mtaani walinisifu kwa subira. Subira gani? Anayesubiri huumia, na mimi sikuhisi kitu. Niliosha mchele, nilitia maji kwenye mitungi, nililala, niliamka.

Basi tukipanga.

"Huko baridi," alisema Bi Muhsina. "Tutie fulana za sufi."

"Tutatia, Mama."

"Na kibla? Mtu akiwa chini ya dunia anaelekea wapi?"

"Tutauliza."

"Na hao vimulimuli wasioruka, wanakula nini?"

Hilo Marhoon alinieleza. Si vimulimuli hasa, ni funza. Kila mmoja huteremsha nyuzi zinazonata, huku anawaka ili mdudu mwengine aione nuru, aifuate, anase. Kuwaka kwao ni njaa. Nilimwambia Bi Muhsina wanakula wanachojaaliwa, akaridhika.

Mwisho wa kupanga alifungua sanduku akatoa viatu vya Marhoon, vya ngozi, rangi ya kahawia. Alivipaka mafuta ya nazi kwa kitambaa. "Mle pangoni maji matupu," alisema kila mara. "Panateleza. Atavitaka." Kamba zake hakuzigusa. Zilikuwa bado zimefungwa, kwa kuwa Marhoon alikuwa na tabia mbaya ya kuchomoa mguu bila kufungua kamba, nami nikimgombeza kila siku kuwa anaviharibu viatu. Bi Muhsina alipaka pembeni mwa fundo, akavirudisha, akafunga sanduku.

Kama mambo yangebaki Ijumaa kwa Ijumaa, nadhani ningezeeka hivyo hivyo. Lakini mwaka 1968 Bi Muhsina alisema kupanga kumetosha, sasa tuombe ruhusa. Wakati ule hakuna aliyeondoka nchini bila ruhusa, na mwanamke ndiyo kabisa. Akamwuliza jirani yetu Mahfoudh, naye mtu wa Unguja, ambaye alikuwa akijuana na watu wa serikali. Mahfoudh aliniangalia mimi kwanza, kisha akamjibu kwa adabu.

"Mama, huyu ni mke wa mtu. Kitu cha mwanzo wataulizia idhini ya mumewe. Kama hayupo, nendeni kwa kadhi."

Alitaka kumkatisha tamaa bila kumuumiza. Mimi nikasema twende kesho. Nilitaka mtu mwenye kilemba kikubwa atuambie hapana, yaishe. Nilikuwa nimechoka na lile pango kuliko nilivyochoka na kitu chochote.

Kadhi alikuwa amekaa juu ya mkeka, mzee mwembamba, mpole kuliko nilivyomtazamia. Tukavua ndara zetu mlangoni tukaingia. Kiarabu changu kilikuwa kimekwisha nyooka, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Nikamweleza: mama huyu anataka kusafiri pamoja nami, mume wangu hayupo, mwaka wa tano huu. Hakuuliza tunakwenda wapi, na nilimshukuru kwa hilo.

"Hayupo vipi?" akauliza. Akaeleza polepole, ili nipate kufasiri. Wapo wawili wasiokuwepo. Yupo ghaibu, aliyetoka kwake kwa miguu yake, akaenda zake. Huyo mkewe humngoja mpaka watu wa rika lake waishe duniani. Na yupo mafkudi, aliyepotea katika balaa, vita au moto au chombo kuzama. Huyo hungojwa miaka minne, kisha huhukumiwa kuwa amekufa, mkewe akakaa eda, na baada ya eda yuko huru na nafsi yake. "Na huyu wenu," akasema, "ni yupi?"

Nilifasiri yote, sikuacha neno. Kisha nikamgeukia Bi Muhsina. Mimi nilikuwepo siku ile, ningeweza kujibu. Lakini kama ningejibu mimi, ningekuwa nimemzika mwanawe mbele ya macho yake, na kumzika hakukuwa haki yangu peke yangu. Kama angesema musafir, basi ningerudi naye Darsait tukapange fulana za sufi mpaka rika la Marhoon liishe. Nilijua hivyo, na hata hapo moyo haukunienda mbio.

Bi Muhsina alikuwa akitazama mkeka.

"Kwa miguu yake, ndo alivyosema?"

"Ndo alivyosema, Mama."

"Na viatu?"

"Viatu hakuvitaja."

Kadhi hakumharakisha.

"Mwambie," akasema, "mwanangu walimtoa kitandani na kikoi chake. Viatu vyake vilibaki uvunguni, nnavyo mie mpaka leo. Mwambie hapana msafiri anayeondoka pekupeku."

Nilianza kufasiri vizuri. Nilipofika kwenye pekupeku, Kiarabu kikanikimbia. Nikageuka nikamwonyesha kadhi ndara zetu pale mlangoni, nikazitikisia kichwa, hapana, hapana. Akaelewa. Akainamisha macho akasema inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Kisha akasema miaka imekwisha timia, na eda yangu inaanza leo.

Tulirudi nyumbani. Bi Muhsina alitangulia, anatembea upesi kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Nilijipima kama nina huzuni, sikuiona. Nilikuwa nafikiri kwamba mchele umebaki kidogo.

Yeye mwenyewe ndiye aliyenitengenezea chumba. Alinitoa bangili, akanipa nguo nyeupe, akafunga madirisha kama inavyofanywa kwetu Unguja. Chumba kile hatukuwahi kukifunga mchana, joto la Darsait haliruhusu. Paa lake lilikuwa la madebe yaliyokunjuliwa, madebe ya zamani yaliyokwisha kupigiliwa misumari mahali pengine kabla ya kufika kwetu. Dirisha la mwisho lilipofungwa, giza likaingia, na juu yetu matundu yote ya misumari yakawaka. Yalikuwa mengi, madogo, mengine yamekusanyika pamoja na mengine yametengana.

Bi Muhsina alisimama akayatazama. Akatoka, akarudi na viatu, akaviweka sakafuni katikati yetu, akakaa kando yangu.

"Ndo hivi alivyosema?" akanong'ona.

"Ndo hivi, Mama."

"Basi nyamaza. Wakisikia kelele huzima."

Nikanyamaza. Kunyamaza nilikuwa nakujua, nimekufanya miaka minne bila kuchoka. Tukakaa hivyo, jasho likitutiririka, mpaka macho yangu yakazoea giza, nikaviona viatu. Nikaziona zile kamba, bado zimefungwa, na kidole changu kikaenda chenyewe kwenye fundo. Lilikuwa gumu. Nililifungua la kulia, kisha la kushoto, na nilipomaliza kulifungua la kushoto nikasikia sauti ikitoka kifuani mwangu, kubwa, mbaya, sauti ya mnyama. Nililia mpaka mke wa Mahfoudh akaja kugonga mlango. Bi Muhsina hakunikataza. Alinishika kichwa akakilaza mapajani mwake, naye akalia, akimwita mwanawe kwa jina.

Nilipoinua uso kutazama dari, hakuwa amezima hata mmoja.