Mkalimani Aliyetangulia

Kelele zilianzia Columbus, mwaka ule wa 2016. Kina mama wa kwaya ya kule walikuwa wameiona filamu ya wanawake wawili wanaopendana, na wiki nzima simu za Wakongomani wa Louisville, huko huko Amerika, hazikupumua kwa sauti zilizorekodiwa: huyu analaani, yule analia, wa tatu anauliza kama kuna sehemu ya pili. Mama Yudita, mkuu wa kina mama wa kanisa mtaani Iroquois, akakata kauli kwamba hawawezi kuhukumu kitu wasichokiona. Akaikodi diski, akawakusanya Jumamosi mchana sebuleni kwa Mama Veridiana. Na kwa kuwa Kiingereza chao wote kiliishia kwenye salamu na bei za dukani, akamwomba Nsimire atafsiri.

Nsimire alikuwa binti wa mwenye nyumba na mkalimani wa kanisa. Siku za kazi alifunga maboksi kwenye ghala huko Jeffersontown. Jumapili alisimama kando ya mhubiri mgeni, akingoja sentensi iishe, kisha akiitoa kwa Kiswahili bila kuipunguza wala kuitia chumvi. Mama yake alijivunia hilo kupita kiasi, tuseme ukweli. Hata msibani angekuambia kwamba mwanawe hajawahi kumkatiza mhubiri.

Angeweza kukataa. Angesema kichwa kinamuuma. Lakini kulikuwa na jambo moja lililomnyima usingizi tangu mwaka uliopita. Columbus alikuwako mwanamke aitwaye Umutoni, anayetunza wazee, na Nsimire alimpenda. Kila alipoaga kwamba anakwenda kwenye mazoezi na kwaya ya kule, alikuwa anakwenda kwake. Sasa alitaka kusikia mama atasema nini. Kama ataihurumia filamu, labda siku moja atamhurumia na yeye. Hayo ndiyo aliyoyawaza alipovuta kiti karibu na televisheni.

Alianza vizuri. Wanawake wa filamu walifanya kazi katika kiwanda cha samaki, na mmoja wao aliishi na mama mgonjwa. Nsimire alitafsiri kwa sauti ile ile kavu ya kanisani, na walipobusiana alinyamaza, maana hapakuwa na la kutafsiri. Mama Yudita akakohoa. Mama Patricia, ambaye hulia hata kwenye matangazo ya sabuni, alikuwa ameshatoa leso.

Kisha wakafika stesheni. Mwanamke mmoja ameshika begi, anamtazama mwenzake, treni inangoja.

“Usipokuja,” Nsimire akasema, “nitajifunza kukaa bila wewe. Lakini sitajifunza vizuri.”

Halafu, kwenye televisheni, yule mwanamke akafungua mdomo.

Mama Yudita aliinuka akaizima. “Bon, inatosha. Ile ni shetani anavaa robe ya muzuri.”

“Mimi nilimuhurumia,” Mama Patricia akasema, akipenga kamasi. “Mutu anapenda, banamuambia aache. Hata kama ni zambi, inauma.”

“Utahurumia na mwizi?”

“Mwizi anakamata kitu ya mutu. Bale banakamata ya nani?”

Hapo mzozo ukawaka. Mmoja alisema ni mambo ya Wazungu wasio na watoto wa kulea. Mwingine alitaka filamu irudishwe, wamalize kwanza ndipo walaani. Chai ikapoa, maandazi yakaisha, na hakuna aliyekubali kushindwa. Nsimire alikuwa akimtazama mama yake tu. Mama Veridiana hakutoa neno, na binti, maskini, akadhani ukimya ule ni huruma.

Mgeni wa mwisho alipoondoka, mama aliingia jikoni kuosha vikombe.

“Ulisema mbele yake,” akasema bila kugeuka.

“Mbele ya nani, mama?”

“Ya ule mwanamuke. Mudomo yake ilikuwa ingali ya kufunga. Mimi sijue Kiingereza, lakini niko na macho. Ku kanisa unangojaka. Leo haukungoja. Donc hii filme ulishaka kuiona.”

Nsimire akashika ukingo wa meza. Uongo aliokuwa nao ungetosha familia nzima, angechagua tu mmoja. Lakini alikuwa amechoka nao.

“Ndiyo, mama. Niliionaka Columbus.”

“Na nani?”

“Na Umutoni. Ninamupenda.”

Mama akafunga bomba, akafuta mikono kidole kwa kidole.

“Na ule wa ku filme, mwenzake alikuya?”

“Hakukuya. Mama yake alimukataza.”

“Ni mama muzuri,” akasema Mama Veridiana, akaenda chumbani kumpigia kaka yake.

Mjomba Zihindula alikuja na gari kutoka Buffalo. Kanisani wakaambiwa kwamba bibi yake Nsimire anayekaa kule North Buffalo anahitaji mtu wa kumwangalia. Nyumbani mama alisema wazi: Nsimire akikataa, atasimama mbele ya waumini na kumkana. Nsimire alikuwa mtu mzima, sheria ya Amerika ilikuwa upande wake, na hakuna aliyemfungia mlango. Lakini mama huyu ndiye aliyembeba mgongoni wakikimbia vita Kivu, na Nsimire hakujua namna ya kumgeuzia kisogo. Akaingia garini. Simu yake ikaingia mkobani mwa mama, aliyekaa kiti cha mbele kuhakikisha anafika.

Barabara ya Buffalo inapita Columbus. Majengo marefu yalipoanza kuonekana, Nsimire akainama mbele.

“Mjomba, tusimame kidogo. Nataka kwenda chooni.”

Zihindula akamtazama dada yake.

“Tutasimama Cleveland,” mama akajibu.

Wakaipita njia ya kwenda kwa Umutoni. Saa hizo Umutoni alikuwa amelala baada ya zamu yake, simu kando ya mto, hana habari. Nsimire akalia kwa sauti, bila kujificha. Mama alimwacha alie mpaka mji ulipobaki nyuma, ndipo akageuza shingo.

“Utajifunza kukaa bila yeye,” akasema.

Mama aliyakumbuka maneno yale ya stesheni. Nsimire akangoja, kama alivyozoea kanisani, sentensi iishe. Mama akageuka mbele, akamwambia Zihindula apandishe kioo, baridi inaingia.